Hali Iliyoitangulia Bima: Istilahi za Kumkatia Bima Paka wa Kulelewa

Mfasiri aliyezoea kufasiri mikataba ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa na barua za Serikali hatakosa kustaajabu siku atakapoletewa hati ya bima ya paka. Katika miji yetu paka walio wengi huishi kwa kukamata panya na kwa huruma ya wauza samaki, na wakiugua huachiwa Mungu. Huko Uingereza mambo ni mengine. Bima ya wanyama wa nyumbani ni biashara ya miaka mingi, na msemaji wa Kiswahili aliyehamia London au Leicester akichukua paka kumlea, atapelekewa kurasa nyingi za masharti ambazo hata Mwingereza mwenyewe huzisoma kwa taabu.

Makala haya yanakusudia kueleza dhana moja iliyomo katika masharti hayo, ambayo huzua ugomvi mwingi baina ya wenye paka na makampuni ya bima. Nayo ni dhana ya ugonjwa, au tuseme hali ya afya, iliyokuwapo kabla ya bima kuanza. Dhana hiyo haiishii kwa paka. Imo katika bima za afya za watu zinazouzwa na makampuni ya binafsi, na imo katika bima za wasafiri. Kwa hiyo mwalimu au mtumishi wa Serikali asiyekuwa na haja na paka anaweza kuwa na haja na istilahi yake. Tumemchagua paka kwa kuwa hawezi kueleza alianza kuumwa lini, na hapo ndipo udhaifu wa tafsiri hujitokeza waziwazi.

Kwa nini paka hukatiwa bima

Nchi inayotajwa kuwa ya kwanza kumkatia bima mnyama wa nyumbani ni Sweden, mwaka 1924, na mnyama mwenyewe alikuwa mbwa. Uingereza ilifuata mwaka 1947. Marekani ilichelewa hadi mwaka 1982, ambapo hati ya kwanza ilitolewa kwa mbwa mwigizaji aliyejulikana kwa jina la Lassie. Paka walikuja nyuma ya mbwa, kama kawaida yao.

Sababu ya bima ni nyepesi kueleweka. Tangu mwaka 1948 Uingereza ina huduma ya matibabu ya Taifa ambayo mgonjwa halipi anapomwona daktari, lakini huduma hiyo ni ya watu tu. Mwenye paka hulipa gharama zote mwenyewe, na upasuaji wa mfupa uliovunjika waweza kufikia maelfu ya pauni. Ipo jumuiya ya hisani iitwayo PDSA, iliyoanzishwa mwaka 1917, ambayo huwatibu wanyama wa watu wenye kipato kidogo, wengine hujitegemea. Ada ya bima yenyewe hutozwa kodi, ambayo tangu Juni 2017 ni asilimia 12.

Paka tunayemzungumzia hapa si yule aliyezaliwa nyumbani kwa mwenyewe. Ni yule aliyeokotwa mtaani, au aliyeachwa na mtu aliyefariki au kuhama, akapelekwa katika makao ya wanyama. Makao hayo ni ya zamani Uingereza. Jumuiya inayojulikana kwa herufi RSPCA ilianza mwaka 1824; makao ya Battersea yalianza mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa, na yakaanza kupokea paka mwaka 1883; Cats Protection, ambayo kazi yake ni paka peke yao, ilianzishwa mwaka 1927. Paka akifika makaoni hupimwa na daktari, huchanjwa, huhasiwa, na hutiwa kidude cha utambulisho chini ya ngozi, jambo ambalo tangu tarehe 10 Juni 2024 ni la lazima kisheria katika England kwa paka wote wenye wenyewe. Yote aliyoyaona daktari huandikwa. Karatasi hiyo ya daktari wa makao ndiyo historia pekee ya afya aliyo nayo paka huyo, na ndiyo itakayosomwa kwanza na kampuni siku ya dai.

Paka wa kulelewa, na daktari wake

Kabla ya kufikia dhana yenyewe, yafaa tutoe neno juu ya majina ya wahusika. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mtu anayemchukua mtoto asiyemzaa na kwa anayemchukua paka makaoni. Kiswahili cha sheria kinalo neno kuasili, lakini neno hilo limefungamana na mtoto, mahakama na haki ya jina. Paka, kwa sheria ya Uingereza kama kwa sheria za nchi nyingi, ni mali. Mtu akiandika kwamba bibi fulani ameasili paka, msomaji wetu ama atacheka ama atadhani pana amri ya hakimu. Kuchukua paka kumlea kunatosha, na mwenye kumchukua aitwe mpokezi. Kwa paka mwenyewe, paka wa kulelewa ni jina jema. Paka shume halifai, kwani shume ni yule dume asiye na mwenyewe, mpiganaji wa usiku, ilhali makaoni wamo majike na vitoto, na wamo paka wapole waliolelewa juu ya kochi kwa miaka kumi.

Kuhusu daktari, desturi yetu ni kusema daktari wa mifugo. Mifugo ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku: wanyama wafugwao kwa faida. Daktari wa wanyama ni jina pana zaidi na halina matata. Tahadhari hiyohiyo ihusu jina la bima. Bima ya mifugo tayari ina maana yake Afrika Mashariki. Huko Marsabit, Kenya, ilianzishwa mwaka 2010 bima ya wafugaji inayolipa kwa kutazama ukijani wa malisho kutoka katika setilaiti. Nyasi zikipungua chini ya kiwango, mfugaji hulipwa, bila mtu kumkagua ng'ombe wake hata mmoja wala kuuliza aliugua nini mwaka jana. Bima ya paka ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa kila kitu hutegemea mwili wa mnyama mmoja na maandishi juu ya mwili huo. Mfasiri akiziita bima hizo mbili kwa jina moja atakuwa amevichanganya vitu visivyofanana hata kidogo. Na iitwe bima ya wanyama wa nyumbani.

Dhana yenyewe

Tuchukue mfano. Paka jike wa miaka minane amefika makaoni baada ya mzee aliyemfuga kufariki. Daktari wa makao ameandika mambo matatu: ufizi mwekundu, mvumo hafifu wa moyo, uzito umepungua. Hakutaja ugonjwa wowote kwa jina. Mpokezi anamchukua paka, na tarehe 1 Machi anamkatia bima. Mwezi wa Juni paka anakula sana lakini anazidi kukonda, naye hatulii. Anapimwa damu, inaonekana kwamba tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Ugonjwa huu ni wa kawaida kwa paka wazee, ingawa wataalamu walianza kuueleza mwishoni mwa miaka ya 1970 tu, na tiba yake mara nyingi ni vidonge vya kila siku kwa maisha yote. Mpokezi anadai gharama. Kampuni inajibu kwamba hali hiyo iliitangulia bima, kwa hiyo hailipi.

Mpokezi anashangaa, na mshangao wake una haki. Ugonjwa umegunduliwa Juni. Bima ilianza Machi. Makaoni hakuna aliyetaja tezi. Lakini kampuni haikutazama jina la ugonjwa. Imetazama neno moja katika karatasi ya makao: uzito umepungua. Kukonda ni dalili ya tezi hiyo, na katika hati nyingi za Uingereza hali iliyotangulia hufafanuliwa kuwa jeraha, ugonjwa au dalili yoyote iliyoonekana kabla ya bima kuanza, hata kama haijapimwa wala kupewa jina.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo letu. Istilahi hii haitaji aina ya ugonjwa. Inataja uhusiano wa wakati baina ya mwili na hati, na kipimo chake ni dalili. Hali moja yaweza kuwa imeitangulia bima ya kampuni hii na isiwe imeitangulia bima ya kampuni ile, ingawa paka ni yule yule.

Sasa tutazame visawe vinavyomjia mfasiri upesi. Cha kwanza ni ugonjwa wa zamani. Hicho kina kosa la kumfanya msomaji aone kwamba ugonjwa umekwisha. Mtu akisema alikuwa na ugonjwa wa zamani, twaelewa kwamba amepona. Cha pili ni ugonjwa sugu, nacho kina kosa kubwa zaidi. Sugu ni sifa ya ugonjwa wenyewe, kwamba haukubali dawa au hauishi, na wala hautaji tarehe. Mafua ya siku tatu yaliyoanza jana ya kukata bima yameitangulia bima. Kisukari kilichoanza mwaka mmoja baada ya bima ni sugu lakini hakikuitangulia. Mpokezi anayesoma kwamba magonjwa sugu hayalipiwi atakata tamaa bure juu ya kisukari hicho, na atadai bure juu ya mafua. Cha tatu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, ambacho ni dhana nyingine tena yenye kifungu chake katika hati zilezile, na kuvichanganya vifungu hivyo ni kuiharibu hati nzima.

Vilevile neno ugonjwa lenyewe ni jembamba mno kwa kazi hii. Mvumo wa moyo si ugonjwa. Ni sauti anayoisikia daktari, na yaweza isiwe na madhara yoyote. Jino lililovunjika si ugonjwa. Mfupa uliounga vibaya si ugonjwa. Maradhi nayo hayatoshi, kwa sababu hiyohiyo. Ndiyo maana tunapendekeza hali. Katika mikataba na itumike kirai kirefu, hali ya afya iliyoitangulia bima, chenye kiambishi cha mtendwa ndani yake ili msomaji ajue ni nini kilichotanguliwa. Katika majedwali na vichwa vya habari, ambako nafasi ni ndogo, hali tangulizi yaweza kukubalika, mradi iwe imefafanuliwa mwanzoni. Wapo watakaosema kwamba kirai kirefu kinachosha. Ni kweli, lakini mwenye paka aliyekataliwa dai lake amechoka zaidi.

Mwanzo wa bima ni upi?

Tumesema kutangulia, swali linalofuata ni kutangulia nini. Katika hati hizi zipo siku tatu zinazofanana na ambazo mfasiri mzembe huzifanya moja: siku ya kukata bima, siku ya bima kuanza, na siku ya bima kuanza kulipa. Kati ya ya pili na ya tatu pana muda ambao ada inalipwa lakini ugonjwa haulipiwi. Kwa magonjwa muda huo mara nyingi ni siku 14. Kwa ajali huwa mfupi zaidi au haupo. Dalili ikijitokeza siku ya kumi, bima ilikuwa imekwisha kuanza, lakini hati huihesabu dalili hiyo kuwa imetangulia.

Muda huu tumeuona ukiitwa kipindi cha matazamio. Watumishi wa Serikali wanalijua neno hilo katika ajira, na ujuzi huo ndio utakaowapotosha. Mtumishi aliye katika matazamio anafanya kazi na anapokea mshahara. Bima katika siku zile 14 haifanyi kazi yoyote kwa upande wa magonjwa. Kipindi cha kungoja kinasema ukweli ulivyo, na anayengoja ni mwenye bima.

Kwa sababu hiyo ufafanuzi mzuri hautasema kabla ya kukata bima, bali utasema kabla ya siku ambayo bima inaanza kulipia magonjwa. Aidha ni vema msomaji ajue kwamba makao mengi humpa mpokezi bima ya muda bila malipo, ya wiki nne au zaidi kidogo. Bima hiyo nayo ina mwanzo na mwisho wake. Dalili iliyojitokeza wakati wake itakuwa imetangulia bima itakayofuata, isipokuwa kampuni ni ileile na imekubali kuziunganisha.

Maneno rafiki yasiyo rafiki

Baadhi ya maneno ya hati hizi yana sura nyepesi na hivyo humtega mfasiri anayefuata neno kwa neno. Tutataja yale tu yenye madhara.

La kwanza ni bima ya maisha. Hati za wanyama Uingereza ni za namna nne hivi: inayolipia ajali tu, inayolipia kila hali kwa muda wa miezi kumi na miwili kisha basi, inayotenga kiasi fulani cha fedha kwa kila hali mpaka kiishe, na ile ya nne, yenye ada kubwa zaidi, ambayo kikomo chake hurudishwa upya kila mwaka maadamu mwenyewe anaihuisha bila kukatiza. Jina la Kiingereza la namna hii ya nne lina neno maisha ndani yake, na mfasiri asiyefikiri ataandika bima ya maisha. Kiswahili kilikwisha kulitoa jina hilo kwa bima inayolipa mtu anapokufa. Mpokezi ataelewa kwamba paka akifa atapata fedha, na hataelewa jambo lenye thamani kwake, yaani kwamba ugonjwa wa figo uliogunduliwa mwaka huu utalipiwa mwaka ujao na mwaka wa baada ya huo. Tunapendekeza bima ya kuhuishwa maisha yote. Kwa paka mwenye tabia ya kupata maradhi ya muda mrefu, tofauti baina ya namna hii na ile ya miezi kumi na miwili ni kubwa mno, kwani katika ile ya miezi kumi na miwili, muda ukiisha, ugonjwa uliolipiwa jana huhesabiwa leo kama uliotangulia.

La pili ni ziada. Katika kila dai kuna kiasi ambacho mwenye bima hulipa kwanza kabla kampuni haijatoa chochote. Kiingereza cha Uingereza kinakiita kwa neno ambalo katika matumizi mengine lina maana ya ziada, na tafsiri za haraka huandika ziada ya pauni 100. Msomaji atadhani anaongezewa pauni 100, ilhali anapunguziwa. Fungu la mwenye bima ndilo jina tunalolipendekeza. Paka akizeeka, makampuni mengi huongeza juu ya fungu hilo asilimia fulani ya gharama yote. Hiyo na iitwe asilimia ya kuchangia.

Sera ya bima nalo limeenea mno. Sera ni mwelekeo wa Serikali au wa chama katika jambo fulani. Karatasi anayopewa mwenye bima ni hati, na makubaliano yaliyomo ni mkataba. Hatuoni haja ya kuongeza zaidi.

Walimu wanaofundisha wageni wakumbushwe kitenzi kukata. Tunakata bima kama tunavyokata tiketi na leseni, pengine kwa sababu karatasi ilikuwa ikikatwa katika kitabu cha stakabadhi. Mgeni akisoma kwamba mtu amekata bima hudhani ameivunja. Anayevunja amesitisha. Neno bima lenyewe tunalo pamoja na Waajemi na Wahindi, na lilitufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Halina kosa lolote.

Kinga na upungufu wa kinga

Kinga linastahili kutazamwa peke yake. Wengi wameanza kulitumia kwa maana ya kile ambacho bima inakigharamia: bima hii inatoa kinga dhidi ya ajali. Katika bima ya moto au ya meli haidhuru. Katika bima ya afya linaleta mkanganyiko, kwa kuwa kinga ni neno la waganga pia, nalo limo ndani ya jina la UKIMWI.

Mfano wake ni huu. Paka wengi waliookotwa mtaani, hasa madume wapiganaji, hupimwa makaoni kuona kama wana virusi vinavyopunguza kinga ya mwili wa paka. Virusi hivyo viligunduliwa California mwaka 1986, huenezwa zaidi kwa kung'atana, na havimwambukizi binadamu. Paka mwenye virusi hivyo aweza kuishi miaka mingi bila kuugua. Lakini kipimo kimeandikwa, na maradhi yatakayohusishwa nacho yatahesabiwa kuwa yametangulia. Sasa mfasiri anayeita kinga mambo yote mawili ataandika kwamba paka mwenye upungufu wa kinga hana kinga. Sentensi hiyo ni sahihi mara mbili, na haina faida hata mara moja. Na iandikwe kwamba bima haigharamii maradhi yatokanayo na virusi hivyo.

Tuongeze hapohapo kwamba kuviita UKIMWI wa paka, kama baadhi ya watu wasemavyo, ni kumwonea paka. Watu watakataa kumchukua kwa kuhofia watoto wao, na hofu hiyo haina msingi.

Kusema kweli

Sheria ya bima ya Uingereza ilijengwa juu ya kanuni iliyoelezwa na jaji Mansfield mwaka 1766 na kuandikwa katika Sheria ya Bima ya Bahari ya mwaka 1906: anayeomba bima ndiye anayekijua kitu kinachokatiwa bima, kwa hiyo ni juu yake kueleza kila jambo zito, hata asipoulizwa. Kwa watu binafsi kanuni hiyo ilibadilishwa kwa sheria ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013. Tangu hapo kampuni ndiyo inayopaswa kuuliza, na mwombaji anapaswa kuwa mwangalifu asijibu isivyo kweli.

Mfasiri na apime maneno yake hapa, maana sheria hiyo inatenga makosa mawili. Lipo jibu la uongo lililotolewa kwa makusudi, au na mtu asiyejali kama ni kweli au si kweli. Hapo kampuni yaweza kuuvunja mkataba na kukataa madai yote. Na lipo jibu lisilo sahihi lililotolewa kwa kukosa uangalifu. Hapo hutazamwa kampuni ingefanya nini kama ingejua. Kama ingetoza pauni 250 badala ya 200, hulipa asilimia 80 ya dai: dai la pauni 1,000 hulipwa pauni 800. Tafsiri inayotumia uzembe kwa makosa yote mawili humnyima mpokezi pauni hizo 800. Tunapendekeza kutojali kwa la kwanza na kukosa uangalifu kwa la pili.

Kwa paka wa kulelewa, kusema kweli kuna mpaka wake. Mpokezi hajui aliyoyapata paka kabla ya kufika makaoni, na hapaswi kukisia. Anachopaswa ni kuomba nakala ya karatasi ya daktari wa makao, kuisoma kabla ya kujaza fomu, na kuuliza kwa maandishi kila asilolielewa. Turudi kwa yule paka wa miaka minane. Kama daktari wa makao angeulizwa mapema, huenda angeandika kwamba paka alikonda kwa kuwa ufizi ulimuuma akashindwa kula, na kwamba baada ya kutibiwa alinenepa tena. Mstari huo mmoja wenye tarehe ungeweza kulitenga konda la makaoni na konda la Juni. Dai likikataliwa, mpokezi aweza kumwomba daktari wake barua ya namna hiyo, kulalamika kwa kampuni, na baadaye kulipeleka shauri bila malipo kwa ofisi ya msuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha, ambayo katika mashauri haya huuliza pia kama mwenye mnyama alijua, au alipaswa kujua, kwamba pana kasoro.

Wala isidhaniwe kwamba paka mwenye hali iliyotangulia hakatiwi bima. Hukatiwa, kinachoachwa nje ni hali ile na yanayohusiana nayo. Kwa viungo vya jozi, kama magoti na macho, mara nyingi huachwa nje pande zote mbili hata kama uliougua ni mmoja. Yapo makampuni yanayoirudisha hali iliyopona ikiwa haikuonyesha dalili wala kuhitaji tiba kwa muda uliotajwa, mara nyingi miaka miwili, na yapo machache yanayoikubali tangu mwanzo kwa ada kubwa na kikomo kidogo. Wengine huona afadhali kibubu, nao si wajinga.

Jambo linalowaponza wengi ni kuhama. Mpokezi ameihuisha bima yake miaka minne. Figo za paka zimeugua katika mwaka wa tatu na zinalipiwa. Anaona tangazo la kampuni nyingine yenye ada nafuu, anahama. Kwa kampuni mpya ugonjwa wa figo umetangulia, na kwa ile ya zamani hana tena mkataba. Kwa hiyo pale hati inaposema kuihuisha bima bila kukatiza, mfasiri asiridhike na kuendelea na bima, kwa kuwa mtu aliyehamia kampuni nyingine siku ileile ataona kwamba ameendelea. Na aandike kuihuisha bima ileile, kwa kampuni ileile, bila kupita siku hata moja.

Fungu la mwenye bima ndilo jina ambalo hatujaridhika nalo sana, kwa kuwa fungu hutumika pia kwa maana ya sehemu anayopewa mtu. Wasomaji wanaofanya kazi katika ofisi za bima, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na kwingineko, ambao wamezoea kumweleza mteja jambo hilo kwa mdomo, wanaombwa waliandikie jarida neno wanalolitumia.